Wanahesabu Nao Wanakaguliwa Hesabu

Benchi letu liko kati ya duka la Kinyozi na kibanda changu cha kutengeneza baiskeli. Anayetaka kujua dunia inakwendaje hana haja ya redio. Aje akae, anunue kahawa, anisikilize mimi. Najisifu, ndiyo, lakini nikingoja wengine wanisifu nitazeeka. Siku hiyo tulikuwa watatu: mimi, Spika muuza vifuniko vya simu, ambaye mdomo wake haufungwi hata na usingizi, na Wakili, aliyeingia mahakamani mara moja tu maishani, tena kama shahidi. Mara Kinyozi akatoka dukani kwake na simu mkononi, uso umemshuka, akakaa pembeni.

Tukamwuliza nani kafa. Akasema hajafa mtu. Binti yake, yule mhasibu, kampigia simu kutoka kwenye mkutano mkuu wa chama cha wanahesabu wa dunia nzima, wale mabingwa wa hisabati. Walimpa kazi ya kukagua hesabu zao, na ameimaliza.

Spika akapaliwa na kahawa.

— Ngoja kwanza. Watu wamesoma hesabu mpaka nywele zimewaisha, halafu wanatafuta mtu wa kuwakagulia hesabu?

— Hesabu za pesa, bwana. Siyo zile zao.

— Kumbe ziko mbili?

Nikamwelewesha, maana mimi hesabu nilikuwa nazo sawasawa mpaka zilipoingiwa na herufi. Nikasema ipo hesabu ya kutafuta jibu, na ipo ya kutafuta jibu limeingia mfukoni mwa nani.

Kinyozi akatusimulia kanuni za chama hicho, na kila moja ilituacha midomo wazi. Mkaguzi lazima atoke nje ya chama. Rais wao, mtu mwenye medali, akipanda teksi bila risiti, halipwi. Akifuatana na mkewe, nauli ya mke ni juu yake. Hakuna anayejiidhinishia matumizi yake mwenyewe. Kila malipo yana sahihi mbili, ya mweka hazina na ya rais.

— Rais anadaiwa risiti ya teksi, — akasema Wakili polepole, kama mtu aliyeona ng'ombe akipanda ngazi. Kikombe akakiweka chini.

Kumbe hapo tulikuwa bado mlangoni. Mwaka jana, ugenini, rais huyo alianguka katikati ya kikao, tumbo. Hospitali ikasema kwanza malipo, ndipo kisu. Mweka hazina akachota kwenye fungu la zawadi za vijana, akalipa, akatia sahihi yake. Nafasi ya sahihi ya pili ikabaki tupu, kwa sababu mwenyewe kalala kwa dawa ya usingizi. Na hata angeamka, angekuwa anaidhinisha pesa za tumbo lake.

Spika akasema wangemchovya kidole gumba kwenye wino, wakagandamiza. Wakili akapinga: kidole cha aliyelala ni batili, mke ndiye angesaini, kwa kuwa tumbo la mume ni mali ya ndoa. Mimi nikawaambia wote hawajaelewa. Wanahesabu wametunga tukio zima makusudi, ni fumbo lisilo na jibu, ndiyo michezo yao. Nawajua. Niliwahi kumtengenezea mmoja baiskeli, akanilipa nusu, kesho yake nusu ya nusu, na mpaka leo bado ananilipa.

Kinyozi hakucheka.

— Mweka hazina wao ni Mwalimu, — akasema.

Mwalimu ni wa mtaa huu huu, nyumba ya tatu kutoka kona. Ndiye aliyemfundisha binti yule bure sebuleni kwake, akamhangaikia nafasi ya chuo wakati Kinyozi ameshamnunulia kiti cha kusukia watu nywele. Sasa chama kinaweza kumvua kazi yake, na atakayeisoma taarifa ya ukaguzi jioni hii mbele ya mkutano ni binti huyo huyo.

— Basi jambo hilo binti aliruke, — akasema Spika. — Wizi hapo uko wapi? Mtu kaokolewa.

— Hata binti mwenyewe kasema si wizi. Ni kosa. Anasema ataandika hivyo hivyo: si wizi, ni kosa.

— Na chama kinajua kwamba Mwalimu ni mtu wake? — akauliza Wakili.

— Aliwaambia siku ya kwanza. Kaandika ukurasa wa mbele kabisa: huyu alinifundisha. Wakamwekea mtu wa pili wa kupitia kazi yake.

Hilo ndilo lililotumaliza. Wakili alishika kichwa kwa mikono miwili. Kujuana na mtu ni kitu cha kufichwa kwa makini, akasema. Ukikitangaza mwenyewe, utamsaidia vipi?

Kinyozi akasema atampigia sasa hivi, amwambie kama baba: liache hilo. Tukamuunga mkono. Wakili akamtungia maneno, mimi nikayatia utamu, Spika akaongeza machozi kidogo mwishoni. Kidole kilikuwa kinaitafuta namba pale mlango wa duka ulipofunguka. Akatoka mteja, kitambaa shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja tu. Tukajua amekuja kugomba.

— Samahani, wazee wangu. Nimesikia yote, ukuta wenyewe bati. Huyo binti alipiga kuuliza afanye nini, au kusema anachofanya?

Spika akatazama ndani ya kikombe. Wakili akagundua kamba ya kiatu imelegea. Mimi nikakumbuka kuna baiskeli inayonisubiri kibandani.

Kinyozi aliitazama simu mpaka kioo kikazimika.

— Hakuniuliza kitu, — akasema. — Aliniomba tu. Mwalimu akirudi, nimnyoe kama siku zote.

Akaingia ndani kummalizia mteja upande wa pili. Sisi tukabaki na yale maneno yetu matamu, hayana wa kupelekewa.