Kahawa ya Mashine ya Tobias

Benchi ni langu. Nasema mapema kwa sababu ukija Kangemi, ukapita nyuma ya soko mpaka duka langu la ushonaji, utakuta wanaume watatu wamelikalia, na ukiwauliza watakuambia ni lao. Nililinunua kwa ajili ya wateja. Wateja sasa husimama. Wa kwanza ni Mbuthia, tunamwita Soja, analinda mlango wa jengo moja la ofisi Westlands lenye mkahawa chini. Amenusa kahawa ya watu miaka na miaka, hajawahi kuinunua, lakini kwa maoni yake kunusa ni nusu ya kunywa. Wa pili ni Fidel, tunamwita Injinia, hutengeneza redio na pasi, na vitu humrudia mteja vikiwa na skrubu chache kuliko vilivyokuja nazo. Wa tatu ni Ndungu, tunamwita Diaspora, ambaye safari yake ya mbali zaidi ilikuwa kumsindikiza binamu yake uwanja wa ndege. Mimi ni Stellah, wao huniita Mama Ivyne, na chai wanayokunywa wakibishana ni yangu pia.

Jumamosi hiyo nilikuwa na magauni ya harusi ya kumaliza. Akaja Tobias, fundi wa mabomba, jasho linamtiririka, amekumbatia mashine inayong'aa kama sufuria mpya.

Tobias: Mama Ivyne, niokoe na stima. Kwa ploti tunapopanga imekataa.

Mimi: Imekataa aje?

Tobias: Nimewasha hii kitu, ploti nzima ikazima. Mwenye ploti amesema nichague, ama mashine iende ama mimi niende nayo.

Injinia: Na hiyo ni nini, ya kuchomelea?

Tobias: Ni ya kahawa. Kuna mathe mmoja tajiri wa mtaa wa Karen nilikuwa namfanyia bomba, anahama, akanipatia. Imekaa chini ya kitanda tangu siku hiyo.

Mimi: Na leo imetoka kufanya nini?

Tobias: Baba ya Waithera anakuja mchana.

Soja akaweka kikombe chini. Hata chai ilisahauliwa.

Soja: Yule mzee wa Murang'a? Mwenye shamba ya kahawa?

Tobias: Huyo. Aliniongelesha kwa simu, akacheka, akasema, nyinyi watu wa Vihiga ni watu wa chai, nikikuja kwako utanikaribisha na nini? Mdomo ikanitoroka. Nikamwambia, mzee, kwangu ni kahawa ya mashine.

Diaspora: Na wewe unajua kuitengeneza?

Tobias: Sijawahi hata kuionja.

Nilimhurumia kijana wa watu. Waithera namshonea nguo, ni msichana wa maana, na Tobias anampenda mpaka amekonda. Lakini baba yake, Mzee Gerishon, alikuwa amesema wazi kwamba hatapokea wazee wa mtu yeyote nyumbani kwake, kuja kuanza maneno ya ndoa, kabla hajamwona kijana mwenyewe na mahali anapoishi. Kijana aliyetangulia alirudishwa getini, kwa sababu ilijulikana gari alilojia lilikuwa la kuazima. Tobias hakuwa na gari hata la kuazima. Alikuwa na mashine asiyoijua, na pakiti ndogo ya kahawa iliyosagwa ambayo Waithera alimnunulia Westlands kwa sababu imeandikwa Murang'a ubavuni.

Nikapitisha waya dirishani. Mashine ikawekwa juu ya benchi, na wenye benchi wakasimama kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Soja: Sasa mnisikize, kwa sababu hapa ni mimi niko na uzoefu. Hiki kijiko kikubwa chenye mkono, kwanza kinagongwa.

Injinia: Kinagongwa kwa nini?

Soja: Kila siku nawaonanga kupitia kioo. Yule kijana anakichukua, anakigonga kwa sanduku, pa, pa, ndio anaweka kahawa. Anaiamsha.

Mimi: Kahawa inaamshwa?

Soja: Kwani itaamsha watu aje kama yenyewe imelala?

Hilo lilituingia wote. Tobias akagonga kijiko kwenye ukingo wa benchi, polepole, kwa adabu.

Soja: Gonga kama mwanaume, buda. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Akagonga mpaka msumari wa benchi langu ukachomoka. Nilisema kitu ambacho sitakirudia hapa, maana mimi ni mama wa kanisa.

Injinia: Mmemaliza ushamba? Sasa tufanye kazi. Siri ya hii mashine ni presha. Kahawa inashindiliwa mpaka inakuwa kama sakafu, halafu maji inasukumwa kwa lazima. Samaki mkunje angali mbichi.

Diaspora: Samaki imeingiaje?

Injinia: Hiyo ni lugha ya kitaalamu.

Akajaza kahawa kijikoni, akachukua chupa tupu ya soda, tako lake likaingia humo sawasawa. Kisha akamwomba Diaspora, aliye mzito kuliko wote, aiegemee. Diaspora akaegemea kwa roho moja. Wakatia maji kwenye tangi, wakabonyeza swichi. Mashine ikanguruma, ikatetemeka, taa ya duka langu ikafifia. Halikutoka hata tone.

Tobias: Imekufa?

Injinia: Inafikiria.

Ilifikiria sana. Mwishowe wakalazimika kuichokoa ile kahawa kwa sindano yangu ya kushonea magunia, na nusu ya pakiti ikaenda chini, kuku wa jirani wakaja kuangalia, wakaondoka.

Diaspora: Shida yenu mmekaa Kenya sana. Mnajua kwa nini ng'ambo kahawa ya mashine inanywewa na kikombe kama ya mtoto?

Mimi: Kwa sababu haitoki?

Diaspora: Kwa sababu iko na nguvu. Binamu yangu alikunywa kikombe kubwa siku moja. Aliongea Kiitaliano mpaka jioni.

Soja: Si alisoma huko?

Diaspora: Hakusoma. Kiitaliano hajui hata leo.

Soja: Sasa alikuwa anasema nini?

Diaspora: Tungejua aje?

Tobias alikuwa anaangalia njia ya kutoka steji ya matatu. Waithera angempokea baba yake huko na kumleta. Nilimwona akipangusa viganja kwenye suruali, mara ya tatu, mara ya nne.

Tobias: Wasee, tafadhali. Mzee akikuta hivi, nimeisha.

Diaspora: Tulia. Na hii kabomba kembamba ka pembeni mnajua ni ya nini? Hii ni ya homa. Mwenye mafua anavuta mvuke hapa, mapua inafunguka, ndio asikie harufu ya kahawa. Wazungu hawaachi kitu.

Soja: Hiyo sijaona wakifanya.

Diaspora: Watu watafungua mapua mbele ya soja?

Akaweka pua yake pale na kugeuza kitufe mwenyewe. Mvuke ulitoka kwa kelele, na Diaspora akaruka nyuma akiwa ameshika uso wote. Nikampaka mafuta ya nazi. Ncha ya pua ilibaki nyekundu kama nyanya, lakini alisisitiza kwamba anasikia harufu ya soko lote mpaka upande wa samaki.

Hapo ndipo Tobias mwenyewe akaja na wazo lake.

Tobias: Mimi naona tumekosea kwa tangi. Tumeweka maji peke yake.

Injinia: Sasa ungeweka nini?

Tobias: Kwetu, mtu akichemsha maji peke yake ni ya kuoga. Ya kunywa unaweka maji na maziwa pamoja, inapanda, unatoa. Mgeni huwezi kumpea kitu haijapikwa na maziwa. Atasema tumemdharau.

Soja: Hapo umeongea. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mimi nilikubali, na mpaka leo sioni kosa. Nikatoa maziwa yangu, nikaongeza tangawizi kidogo maana tayari ilikuwa imetwangwa. Tukamimina yote tangini. Injinia akasema kitaalamu haina shida, tangi ni tangi.

Mashine ikakohoa. Ikakohoa tena, kama mzee aliyemeza mfupa. Povu likatoka mahali pasipo na tundu. Harufu ya maziwa yaliyoungua ikajaa duka, na mimi nikakimbia kuhamisha magauni ya watu.

Soja: Dalili ya mvua ni mawingu. Mkiona moshi, kahawa iko karibu.

Injinia: Zima.

Soja: Si iko karibu?

Injinia: Zima, Soja, hiyo ni waya.

Tukazima. Tobias akakaa chini, kwenye udongo, akishika pakiti. Ilikuwa imebaki kahawa ya mara moja tu, na hiyo kwa kukung'uta pembe. Sikupenda kuona mwanaume mzima akiwa na uso ule. Nikawaambia wote watatu wanyamaze, wasiguse kitu, na anayetaka kutoa methali akaitolee kwake. Nikaosha tangi mara mbili. Injinia akafungua kifuniko, akafuta, akafunga, skrubu moja ikabaki mkononi, akaitia mfukoni akidhani sijaona. Tobias akaweka kahawa bila kugonga wala kushindilia, akatia maji matupu, akabonyeza.

Ikatoka. Ilikuwa nyembamba kama uzi, ya kahawia, na juu yake kapovu. Tulisimama tukiiangalia ikijaza kikombe changu cha maua mpaka nusu.

— Tobias ni nani hapa?

Tukageuka. Mzee alikuwa amesimama nyuma yetu, koti la Jumapili, kofia, mfuko wa ndizi mkononi. Matatu aliyopanda haikupata msongamano, akashuka mapema, akaamua kuuliza njia mwenyewe badala ya kumngoja binti. Alituangalia mmoja mmoja, na alipofika kwenye pua ya Diaspora alikaa hapo kidogo. Sisi wote tukamwonyesha Tobias kwa kidole, jambo ambalo halikuwa la kirafiki.

Tobias: Ni mimi, mzee. Shikamoo. Karibu.

Mzee Gerishon: Marahaba. Waithera aliniambia ni fundi wa bomba.

Tobias: Ni mimi, mzee.

Mzee Gerishon: Na hiyo ndiyo mashine?

Tobias: Ndiyo hiyo. Chumba yangu iko huku nyuma, lakini stima yake haiwezi hii. Nimeleta hapa kwa Mama Ivyne.

Nikampangusia mzee benchi, kando ya mashine. Akakaa. Tobias akampa kikombe kwa mikono miwili. Ndipo wenye maarifa wakashindwa kujizuia.

Soja: Mzee, hiyo imetengenezwa vile wanafanya Westlands kabisa.

Injinia: Presha yake nimeisimamia mimi.

Diaspora: Hata Italia hupati hivyo.

Mzee alinusa. Akapuliza. Akaonja kidogo, akafumba macho, akaonja tena. Uso wake haukusema kitu, nami nimezoea kusoma nyuso za wateja wanaojaribu nguo. Akaweka kikombe gotini.

Mzee Gerishon: Mimi nimelima kahawa tangu kabla sijaoa. Nimepogoa, nimenyunyiza dawa, tumechuma na mama yake Waithera mpaka mikono ikapasuka. Tunapeleka fektri, tunarudi nyumbani, tunakunywa chai. Hii kitu leo ndiyo mara ya kwanza inapita mdomoni yangu.

Akamgeukia Soja, akamgeukia Injinia, akamgeukia Diaspora.

Mzee Gerishon: Sasa nyinyi wenye mnajua, niambieni. Hii ni nzuri ama ni mbaya?

Soja akaangalia viatu vyake. Injinia akaanza kukagua waya. Diaspora akagusa pua yake, akaiacha. Mimi nikarudi kwenye gauni nikashona mahali palipokuwa pameshonwa tayari.

Tobias: Mzee, sijui.

Mzee Gerishon: Hujui?

Tobias: Sijui. Nilikudanganya kwa simu. Mashine nilipewa, na kabla ya leo sikuwa nimeiwasha. Mimi nakunywa chai.

Nilitamani kumrushia mkasi. Kijana wa kwanza alifukuzwa kwa gari la kuazima, na huyu anajifukuza mwenyewe. Mzee akanywa ile iliyobaki mpaka mwisho, akapangusa masharubu.

Mzee Gerishon: Weka ingine basi. Mara moja mtu hawezi kujua.

Tobias akachukua pakiti, akaipindua juu ya kiganja. Akaikung'uta. Halikutoka hata vumbi.

Tobias: Imeisha, mzee.

Mzee Gerishon: Yote?

Tobias: Yote.

Mzee akainuka, akaweka kofia vizuri, akampa Tobias mfuko wa ndizi abebe.

Mzee Gerishon: Haya, nionyeshe hiyo chumba. Kahawa iko kwangu. Bado iko kwa miti, lakini iko. Mwezi ujao utakuja uchukue.

Tobias: Nitakuja, mzee.

Mzee Gerishon: Na usikuje peke yako. Kuja na wazee wenu.

Wakaondoka, Tobias nyuma na ndizi zake, miguu haijui inakanyaga wapi. Niliketi kwenye benchi langu, nikalia kidogo kwa furaha, nikajifuta kwa kipande cha kitambaa cha harusi. Wale watatu walibaki wamesimama, wakiwatazama mpaka walipokata kona.

Diaspora: Sasa mnielezee. Hiyo kahawa ni mingi aje mpaka ibebwe na wazee?