Farasi Aliyelishwa kwa Mkono wa Kushoto

Kijiwe chetu kipo chini ya dirisha la Mashoto, mtaa wa nyuma ya soko la samaki hapa Bagamoyo, na dirisha hilo ndilo tatizo letu. Kila tunachosema benchini mkewe, Sihaba, anakisikia, na kisichomfurahisha anakijibu humo humo ndani bila hata kutoa kichwa. Jina la Mashoto hasa ni Mrisho. Tulimpa la Mashoto kwa sababu kila kitu anakifanya kwa mkono wa kushoto, na Alawi muuza kahawa hampi kikombe mpaka abadili mkono. Alikaa Oman miaka mingi, akarudi na hadithi moja tu: kwamba kazi yake kule ilikuwa kulea farasi wa mashindano. Kijiwe kizima kiliamini kwamba alikuwa anaosha vyombo. Sasa Ijumaa moja, baada ya Alasiri, akatoka mlangoni na kanzu imenyooshwa kwa pasi, akasimama mbele ya benchi kama mtu anayekuja kuposa.

— Leo hamkai hapa. Leo mnaingia ndani kwangu. Durra anakimbia.

— Durra ndiyo nani? akauliza Wakili. Huyu ni Dadi, tunamwita Wakili kwa sababu hajawahi kukubali jambo bila ushahidi, na ushahidi akiletewa anaukatia rufaa.

— Farasi wangu, jike. Mama yake alikufa siku ya kumzaa, nikamkuza kwa chupa. Muzammil, niliyekuwa naye zizini, kanitumia ujumbe. Leo mashindano yake ya kwanza, na yanaonyeshwa moja kwa moja.

— Ulimkuza kwa chupa ya nini? Ya sabuni ya vyombo?

Tukacheka. Mashoto hakucheka.

— Cheka, Dadi. Lakini leo utaingia, utakaa kwenye kochi, utakula, utanyamaza na utatazama. Nimeshaamua.

Bwanausi, fundi wa ving'amuzi tunayemwita Injinia, alikuwa ameshaunganisha simu na runinga tangu mchana. Akajipigapiga vumbi la suruali.

— Oya, picha ipo safi, kaka. Bando nimejaza mwenyewe. Ila mbio za farasi haziangaliwi hivi hivi tu. Wenye nazo wanatazama na mvinyo.

— Kweli, akasema Wakili. Nimeona mimi. Glasi ndefu yenye mguu, mvinyo mwekundu, na kofia. Bila mvinyo jicho linabaki nyuma. Farasi anafika, wewe bado unamwona anaanza.

— Mvinyo hauingii nyumba hii! Dirisha hilo likajibu. Nimepika rozela, nyekundu kushinda huo mvinyo wenu, na glasi zenye mguu ninazo. Anayetaka kingine akanywe kwake, mkewe amuone.

— Shemeji, mimi nilikuwa naeleza tu, akasema Wakili.

— Eleza ukiwa umenawa mikono.

Harufu ya pweza wa nazi ilikuwa imeshatufikia, na nadhani ndiyo iliyoanza kumgeuza Injinia kichwa, maana hapo ndipo alipoanza kutoa elimu.

— Unajua wale wanaompanda farasi kwa nini wadogo vile? Hawalishwi. Sasa mtazamaji naye yumo kwenye hesabu. Ukishiba wewe unayemshangilia, farasi wako anakuwa mzito. Ndiyo maana wenzetu wanakula vipande vidogo vidogo, vya kuchoma na kijiti.

— Hilo la kisayansi, Wakili akamuunga mkono. Na ukila pweza ndiyo kabisa. Pweza ana miguu minane, farasi ana minne. Miguu inagombana, farasi anajikwaa.

— Basi msile! Sihaba akasema. Nitawapelekea majirani.

Injinia akakohoa.

— Shem, hiyo elimu ni ya farasi wa Ulaya. Huyu Mwarabu.

— Na huyu Mwarabu, akasema Wakili, tuweke hata kidogo basi, tubeti. Mashindano bila kubeti ni sawa na...

— Simbeti mwanangu, akasema Mashoto.

Alisema taratibu. Alawi akammiminia kahawa. Mashoto akanyoosha mkono wa kushoto, Alawi akakirudisha kikombe kifuani kwake, kama kila siku.

— Ndiyo huo huo uliomlishia farasi? Alawi akamtania. Wa kuchambia?

— Huu huu. Na ndiyo mtakaomjua nao. Sikilizeni. Dunia nzima farasi anaongozwa kwa upande wake wa kushoto. Wote wanasimama kushoto. Mimi mkono wangu ni huu, nikawa nasimama kulia kwake. Msimamizi alinifokea mpaka akachoka. Tangu siku ya kwanza maziwa yake yalikuja kutoka kulia, tende kulia, kukunwa shingo kulia. Kabla sijamfungulia akimbie alikuwa lazima ageuze kichwa kulia, nimguse hapa chini ya sikio, ndiyo anaondoka.

— Mheshimiwa hakimu, akasema Wakili akitutazama sote, shahidi anatunga.

Mashoto akakipokea kikombe kwa mkono wa kulia, akanywa funda moja, akakiweka chini.

— Mmenicheka miaka yote hii, sikuwajibu. Leo nataka mumuone. Mkimuona halafu mkaniita muosha vyombo, nitaitika.

Nilimuonea huruma hapo, nikainuka wa kwanza. Wengine wakafuata, hata Alawi akauacha mkaa wake, birika na vikombe mkononi.

Sebuleni kulikuwa na mkeka mpya, sinia la pweza, sambusa, mkate wa kumimina, na rozela kwenye zile glasi za mguu. Tulikula kwa adabu ambayo benchi letu halijawahi kuiona. Injinia alikula vipande vidogo vidogo, ila vingi mno. Kwenye runinga farasi walikuwa wanazungushwa, wanang'aa, kila mmoja na mtu wake kushoto, na sote tukawa tunakazana kumtafuta Durra bila kujua tunatafuta nini.

— Yule, akasema Mashoto. Wa hudhurungi. Amekua. Yaa Rabi, amekua!

— Ushahidi? akauliza Wakili, mdomo umejaa.

Hapo ndipo alipoingia Seleman, kaka yake Sihaba, ametoka Zinga na mfuko wa barafu uliokuwa umeshaanza kuyeyuka. Hakuwa amesikia neno lolote la benchini. Akatusalimu, akaketi pembeni ya mlango, akatazama runinga.

Farasi waliingizwa kwenye vizimba vya kuanzia, mmoja mmoja. Yule wa hudhurungi akagoma. Mtu wake alimvuta, wengine wakamsukuma kwa nyuma, bado akagoma. Akageuza kichwa kulia. Wakamrudisha mbele. Akageuza tena kulia, akanyoosha shingo mahali pasipokuwa na mtu, akatulia hivyo, masikio yamesimama.

— Huyu farasi, akauliza Seleman, anamtafuta nani?

Injinia alishika sambusa yake hewani. Sihaba alikuwa amesimama kwenye pazia na mwiko mkononi, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Mashoto aliweka glasi chini. Akainuka, akaisogelea runinga, akapiga magoti upande ule Durra alioelekeza kichwa. Akauweka mkono wake wa kushoto juu ya kioo, chini ya sikio.

— Nipo, mama. Nipo hapa. Haya, nenda.

Alikuwa ametuziba nusu ya picha. Wakili, ambaye hajawahi kuachia jambo, alivuta kiti chake nyuma ili Mashoto apate nafasi. Kisha akachukua kikombe cha kahawa cha Alawi, akakijaza, akasubiri. Durra aliingia wa mwisho, na vizimba vilipofunguka Wakili alimpa Mashoto kikombe hicho, kwenye mkono wa kushoto.