Nyama Chini ya Kitanda

KAGURE: Haloo? Ni nani huyo?

NGENDO: Ni mimi, mama. Ngendo. Niko kwa kibanda cha simu hapa posta ya Nanyuki, na Wacera. Mko wazima huko Giakanja?

KAGURE: Wazima. Kihara amenitoa shambani mbio, ati simu inaningoja dukani kwake. Nani amekufa?

NGENDO: Hakuna. Mimi ndiyo niko karibu. Mama, ulimfundisha mtoto wangu nini likizo?

KAGURE: Kushukuru. Kabla ya chakula, kitu kimoja, na cha jana harudii.

NGENDO: Basi vimemwisha. Leo mchana—

WACERA: Mami, nimwambie cucu—

NGENDO: Nyamaza kidogo, utaongea na nyanya yako. Leo mama yake Moffat amekuja kututembelea. Nikampikia ugali na kabichi. Tumefunga macho, Wacera anaomba: "Asante Mungu kwa nyama yenye mami ameficha chini ya kitanda mpaka cucu mwingine aende."

(sauti ya kukwaruza)

NGENDO: Mama? Unacheka.

KAGURE: Ni laini ya simu. Inakwaruza.

NGENDO: Hiyo ni kicheko. Mama mkwe amefunga kiondo, amekaa mlangoni, anangoja Moffat atoke kazini ampeleke stendi. Na mtoto nilimpa jina lake. Moffat akisikia nitamwambia nini?

KAGURE: Nyama gani hiyo?

NGENDO: Kilo moja tu. Ya wageni wa kesho, wa kazini kwake.

KAGURE: Wakati wa hali ya hatari tuligawana kiazi kimoja watu wanne. Wewe na uhuru wako unalaza nyama chini ya kitanda. Kitendawili.

NGENDO: Mama, sarafu zinakwisha.

KAGURE: Kitendawili.

NGENDO: Haya, tega.

KAGURE: Nimempa mtu, na bado ninabaki nayo.

NGENDO: Homa.

KAGURE: Homa? Ni asante, wewe. Nenda uipike yote, umwekee mbele. Na leo ushukuru wewe, kwa sauti, kabla ya mtoto.

NGENDO: Mimi? Nishukuru nini?

KAGURE: Alikuzalia bwana. Anza hapo.

WACERA: Mami, sasa mimi—

NGENDO: Haya, shika. Haraka.

WACERA: Cucu, cucu mwingine hana hasira tena. Mami akitafuta sarafu, cucu huyo aliniuliza kama hata kwako nyama inafichwa. Nikasema hapana, ni sukari. Ndani ya debe la mahindi, dada za babu wakija.

(laini inakwaruza)

KAGURE: Ulimwambia hivyo?

WACERA: Alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Akafungua kiondo. Amesema atalala kwetu mpaka Jumapili, halafu apitie kwako anywe chai.

NGENDO: Leta hiyo simu. Mama? Uko? Ama ni laini?

KAGURE: Mwambie Wacera hiyo ya debe asishukuru kwa sauti.

NGENDO: Anasema ameiweka ya jioni ya leo.

KAGURE: Ngendo—

NGENDO: Inalia, ni sarafu ya mwisho. Asante, mama.

KAGURE: Asante ya nini?

NGENDO: Ya debe.

KAGURE: Ngoja, mwambie huyo mama Jumapili siko, nimeenda—

(tuu, tuu, tuu)

KAGURE: Kihara, imekatika. Hebu nipimie sukari kilo mbili… Ndiyo, mbili. Moja ni ya mezani.