Kayaki ya Bwana Vipimo

Benchi la Fundi Tepe lilikuwa mbele ya duka lake la ushonaji, likitazamana na dirisha namba tatu la Idara ya Maji. Asubuhi ile lilikuwa na watu wanne na birika moja la kahawa, na kati ya hao wanne mmoja alikuwa hajagusa kikombe chake. Huyo ni Bwana Vipimo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akitembea juu ya daraja la mbao hadi kwenye nguzo iliyo katikati ya bwawa, asome kina cha maji, arudi. Mafuriko yakalichukua daraja. Idara ilikaa vikao vinne, ikaona daraja jipya lina mlolongo mrefu mno wa sahihi. Apewe kayaki, kile kimtumbwi cha mtu mmoja, na kwa kuwa mtumiaji ni yeye, achague mwenyewe. Fomu ifike dirishani kabla ya saa nne, la sivyo idara itamchagulia ile ya kwanza kwenye orodha. Saa tatu na nusu ilikuwa imeshapita. Jumatatu angeingia majini peke yake, mtu asiyewahi kushika kasia, na ambaye akiogelea mita ishirini hutafuta pa kushika.

Fomu yenyewe ilikuwa ya magari. Karani Nakala, aliyestaafu masijala lakini masijala haijamtoka, ndiye aliyemsaidia kuijaza. Penye idadi ya matairi waliandika “hakuna”, ikarudishwa. Wakaandika sifuri, ikarudishwa na maelezo kwamba chombo chenye matairi sifuri ni chombo kibovu. Mara ya tatu wakapiga mstari tu, ikapita. Sasa ilibaki kuweka tiki. Picha zilizobanwa kwa pini kwenye fomu zilikuwa mbili. Ya kwanza, kayaki ndefu na nyembamba, ya kuingiza miguu ndani mpaka kiunoni. Ya pili fupi na pana, bila tundu la kuingilia; unakaa juu yake kama uliyekaa kwenye godoro.

Fundi Tepe alikuwa ameshampima Bwana Vipimo nyonga mara mbili.

— Kayaki ni suruali, shemeji. Ikikubana, inakutii. Chukua nyembamba.

— Suruali haizami, alisema Bwana Vipimo.

— Dada amenipigia simu mara mbili tangu alfajiri. Unadhani natania?

Hakuwa anatania. Alivuta tepe, akampima nyonga mara ya tatu.

Tani Kumi, dereva wa malori wa zamani, naye alitaka ile ndefu, kwa hoja kwamba gari refu hutulia barabarani. Alipoulizwa lori na maji vinahusianaje, akasema kinachopindua chombo chochote ni dereva kugeuza shingo. Basi Bwana Vipimo afungwe taulo shingoni, atazame mbele tu. Karani Nakala akaona wote wanahangaika bure. Kisheria, alieleza, mali ya umma haiwezi kuzama mpaka kamati ya kufuta mali ikae, na kamati ile yeye anaijua, haijakaa tangu mwenyekiti wake ahamishwe.

Bwana Vipimo alitazama saa. Zilibaki dakika kumi na nane. Kalamu ilikuwa juu ya picha ya kwanza.

— Nitakushonea mkanda, alisema Fundi Tepe. Turubai, mshono mara tatu. Nakufunga kiunoni, nakufunga na kayaki. Hamtaachana.

Hapo ndipo mama mmoja, aliyeleta sare ya shule ipunguzwe urefu na aliyekuwa amesimama kitambo akingoja kuhudumiwa, aliposogea akaitazama picha.

— Samahanini, kaka zangu. Ikipinduka huko katikati, anarudije juu?

Karani Nakala aliipekua fomu, ukurasa wa kwanza, wa pili, na nyuma ya wa pili.

— Hilo halimo, alisema kwa sauti ndogo.

Bwana Vipimo akainuka. Alipiga magoti vumbini kando ya benchi, kana kwamba ndilo ile kayaki nyembamba, akakunja miguu nyuma ili isiguse chini, akashika ubao kwa mikono miwili na kujivuta. Benchi lilimwinukia. Tani Kumi akateleza, birika likaruka, kahawa yote ikanywewa na barabara. Hakuna aliyecheka. Bwana Vipimo alikuwa chali, benchi juu ya kifua chake, akipumua kama aliyetoka mbali.

— Lete meza ya kupigia pasi, alisema.

Wakaileta, wakailaza chini juu ya marobota mawili ya vitambaa, ikawa pana na inayoyumba. Mara ya kwanza alifika kifuani, akateleza. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu alijilaza kifudifudi, akapiga miguu, akasogea kwa tumbo, akajigeuza, akakaa. Kifungo kimoja cha shati kilikuwa kimeng’oka.

— Pana, alisema Fundi Tepe, kana kwamba ndicho alichokuwa anasema tangu asubuhi.

Dirishani alifika saa nne kasoro dakika mbili. Afisa alisoma tiki, akasoma sababu ya uteuzi, akairudisha fomu chini ya kioo. Sababu ilisema: “Nikianguka naweza kupanda tena.”

— Neno “nikianguka” halikubaliki, mzee. Linaonyesha idara inatarajia mtumishi wake aanguke. Weka sababu nyingine.

Bwana Vipimo, vumbi likiwa bado kwenye nyusi, hakuichukua kalamu. Alichomoa ile picha ya kwanza, ya kayaki nyembamba, akaibandika kwenye kioo, usawa wa macho ya afisa.

— Basi Jumatatu nenda wewe, na hii.

Afisa alilitazama lile tundu la kuingizia miguu. Kisha akatazama saa ya ukutani, akavuta kidau cha wino karibu, akapiga muhuri.