Kichwa cha Meya Katika Safu ya Tatu

Benchi la Kona ya Birika lina miguu mitatu na tofali moja, na hapo ndipo mambo ya Kisumu huamuliwa kabla hayajafika ofisi yoyote. Zamani liliegemea kibanda cha kinyozi cha Odongo, anayeitwa Meya kwa sababu aliwahi kugombea kiti cha wadi akapigiwa kura na wateja wake, tena si wote. Vibanda vikabomolewa ili supamaketi ijengwe, na msikiti mdogo wa mabati uliokuwa nyuma yake ukahamia Manyatta. Wiki hii msanii mmoja, Zamzam Awuor, binti wa Kaloleni, aliyaokota mabati ya vibanda na ya msikiti, akayakata yakatoshana na mikeka ya kuswalia, akayapanga safu nne kwenye kiwanja kitupu. Kesho zege linamwagwa juu yake. Kontrakta alikubali, bora asicheleweshwe. Zamzam alisema mwenye bati lake akilitaka, alichukue leo.

Meya alilitaka. Alishapata mahali huko Migosi. Kioo anacho, mashine anayo, paa analo. Kilichobaki ni bango lake, lile bati lenye kichwa cha mtu aliyenyolewa vizuri, na bila hilo hakuna mteja wa zamani ambaye angejua amehamia wapi.

— Mimi nawaambia ukweli, alisema Injinia, fundi wa mawe ambaye nyumbani huitwa Wechuli. Hiyo si sanaa. Hiyo ni ya kuzuia maji. Udongo ya hapa ni nyeusi, supamaketi itazama.

— Sasa mbona imekaa upande? aliuliza Bridget, muuza omena, wale samaki wadogo wa ziwani, ambaye kijiweni ni Refa. Hailingani na barabara.

— Barabara ndiyo imekaa upande, alijibu Mzee Juma, muuza kahawa, anayeitwa Birika hata na wajukuu wake. Hiyo safu inaangalia kibla. Barabara imekuja juzi, na haikuuliza mtu.

— Yawa! alisema Refa. Mimi nikiona mabati kwa jua hivyo naona omena tu. Hao wanataka watalii waone vile tunaanika.

— Omena ya kuangalia kibla?

— Kwani omena haina dini?

Injinia akavuta kikombe chake. Alipovuta kikombe namna hiyo, watu walijua kitu kikubwa kinakuja.

— Sikizeni. Huko juu kuna satelaiti. Kazi yake ni kuhesabu majiji. Ikipita hapa ione safu inang'aa hivi, inaandika, hii Kisumu imeiva, leteni ndege kubwa. Huyo msichana ametumwa.

— Ametumwa na nani?

— Hiyo siwezi sema nikiwa barabarani.

Meya hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa ameenda kwenye kiwanja mara kadhaa na kurudi mikono mitupu, akisema jua ni kali.

— Bati yangu iko safu ya tatu, alisema. Ile kichwa ilichorwa na jamaa wa Asembo Bay. Mtu akisema twende kwa yule wa kichwa, ni mimi huyo. Sasa niende Migosi nikiwa nani?

— Si uende uchukue basi, Bwana, alisema Refa. Umetuchosha.

— Mzee, nikichukua ni dhambi? Meya alimuuliza Birika.

— Dhambi ya nini? Birika alimpiga jicho. Hapo si msikiti. Msikiti iko Manyatta, imewekwa mpaka feni. Hiyo ni bati. Mimi nimepita hapo na gambuti za matope miguuni nikipelekea vibarua kahawa.

— Na huyo msichana, anaswali kweli, ama anachezea dini? aliendelea Meya.

— Anaswali kuliko mimi. Aliniambia nyumba inaweza kubomolewa, lakini pale watu waliweka paji la uso, hapo hapahami. Birika akafuta mdomo wa birika ambao haukuwa na uchafu. Nilimwambia sawa, lete kikombe.

Mzee alikuwa ameswali pale tangu ujana wake, na pengo la msikiti ule lilimuuma, ingawa aliwaambia watu wote kwamba feni ni nzuri.

Meya akainuka. Akatembea mpaka safu ya tatu, akachuchumaa, akalishika bati lake kwenye kona na kuligeuza.

Kichwa kilikuwa upande wa chini. Ule mstari wa nywele aliouringia, yale masikio mawili yaliyozidi ukubwa, uso wote ulikuwa umelazwa udongoni, paji likiwa mbele, kuelekea kibla, kule kule ilikoelekea safu nzima. Paji lilikuwa na vumbi. Meya alijikuta hawezi kulifuta.

Wakati huo mama mmoja aliyetoka Awasi, kuku wawili kikapuni, alikuwa amesimama karibu na benchi akiuliza njia. Aliangalia kiwanja, kisha ukingo wake.

— Na hii ni nini, baba?

— Mabati tu, mama, alisema Injinia. Pita tu.

— Kama ni mabati tu, nani aliwaambia mvue viatu?

Wakatazama. Ukingoni kulikuwa na buti za Injinia zenye simenti, ndara za Refa, na viatu vya Meya, vimepangwa pamoja, visigino nyuma. Asubuhi Injinia na Refa walikuwa wameingia kuchungulia, wakarudi benchini pekupeku bila kujua. Injinia alikunja vidole vya miguu. Refa, ambaye ni mwimbaji wa kwaya, aliificha miguu yake chini ya benchi. Wote wawili wakamgeukia Birika awajibie, naye alikuwa akiangalia gambuti zake, bado ziko miguuni.

Meya alisimama na bati mikononi, vidole vya miguu vumbini. Halafu akainama, akamrudisha yule mtu wa kwenye bati kifudifudi, akaweka kiganja kisogoni na kumsukuma mbele kidogo, kama mteja anayenyolewa nyuma ya shingo.

— Tulia hapo hapo, boss, akamwambia.