Kufuli la Kuchora: Maisha ya Meneja wa Duka la Mapazia

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wateja wachache mliokuja kuhakikisha, poleni na msiba. Anayesoma haya ni dada mkubwa wa marehemu, mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo, na ndiye aliyepeleka kazi hii kwa mchapaji. Wadogo zake walileta rasimu yao ya wasifu, tamu kama tangazo la sabuni, inayosema marehemu alikuwa "mwanzilishi wa biashara ya kisasa aliyesalitiwa na mtandao na watu wa karibu". Dada mtu aliisoma, akaguna, akaiweka kando. Maiti hasemwi vibaya, tumefundishwa hivyo sote. Lakini aliye hai naye asisingiziwe mbele ya jeneza.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 4 Juni 1974, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, ukuta mmoja na karakana ya betri za magari. Alikuwa wa pili kati ya watoto wanne. Mama alikuwa fundi cherehani wa mapazia, baba karani wa ghala. Alizaliwa na sauti kubwa, mkunga akasema huyu atakuwa kiongozi, na tangu anatambaa akaitwa Meneja. Jina hilo lilimharibu. Aliamini cheo keshakipata, kilichobaki ni kazi kujileta yenyewe.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya soko, akamaliza mwaka 1987, kisha sekondari ya kutwa hadi 1991. Darasani alikuwa wa katikati, kwa maringo alikuwa wa kwanza. Kwenye maonyesho ya sayansi alipeleka redio aliyodai kaiunda mwenyewe: kabati limepigwa vanishi, vitufe vinazunguka, kipande cha pazia la mama kimebandikwa mbele. Redio ilisoma habari vizuri sana mpaka msomaji alipopiga chafya. Ndani alikuwa kajikunja mdogo wake anayemfuata, huyo aliyevaa suti mstari wa mbele. Walimu walicheka hadi machozi, wakampa zawadi ya ubunifu. Laiti wangempa viboko.

Mwaka 1993 aliingia dukani kwa mama, naye haki yake apewe: kuuza alijua. Angemuuzia pazia mtu asiye na dirisha. Alikumbuka rangi ya sebule ya kila mteja, na mgonjwa wa mtaani alimpelekea pazia zito la kuzuia jua bila kuombwa. Mama alipostaafu alimwachia duka, cherehani tatu na jina zuri.

Mkewe walikutana hapo hapo dukani. Alikuwa fundi wa kompyuta, mwanamke asiyemung'unya maneno, kaja kutengeneza kompyuta ya ofisini iliyokuwa inajizima. Akaikuta imefunikwa gubigubi kwa kitambaa cha kufuma.

"Kaka, hii mbona mmeivisha?"

"Isipate vumbi, dada."

"Basi inakosa pumzi. Ivueni, itapona."

Ikapona. Walioana Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2003, mbele ya familia zote mbili, na mwaka 2005 wakajaliwa binti mmoja. Alimpenda mke wake, hilo dada mtu alilishuhudia kwa macho. Kumsikiliza ndiko kulikomshinda.

Mwaka 2014 marehemu alisikia kwamba watu wananunua vitu kwenye simu, akatangaza kwamba naye atafungua duka la mtandaoni mwezi huo huo. Mkewe alimkalisha mezani jikoni, dada mtu akiwepo anachambua mchele. Akamweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu mzima. Ukurasa wenye picha ni dirisha tu la duka. Nyuma yake kuna seva, kompyuta isiyolala, inayomjibu kila anayebisha hodi. Nyuma ya seva kuna hifadhidata, ghala linalojua pazia gani limebaki na nani kaagiza nini. Halafu kuna lango la malipo linalozungumza na benki, ili namba ya kadi ya mteja isilale kwetu hata dakika moja. Na juu ya yote kuna usimbaji: maandishi yanavurugwa kabla ya kutoka kwa mteja, yakidakwa njiani yasisomeke, na cheti cha usalama kinachothibitisha kwamba duka ni hilo kweli na si la tapeli. Hapo ndipo simu yenyewe humwonyesha mteja kikufuli kidogo kando ya anwani.

"Sasa mteja anaona nini katika hayo yote?" marehemu akauliza.

"Anaona kikufuli."

"Basi. Hicho ndicho kinachotakiwa."

Dada mtu alidhani ni utani. Mkewe naye alicheka. Wote wawili hawakumjua vizuri, pamoja na kuishi naye.

Mkewe akaanza kulijenga duka hilo, lakini kabla hajamaliza mama yake akaugua, akasafiri kumuuguza. Huku nyuma, Meneja keshawaita waandishi wa habari na hataki kuaibika. Lango la malipo bado halijaunganishwa, cheti hakijaombwa. Bwana mkubwa akatafuta picha ya kufuli, ya dhahabu, yenye kumetameta, akambembeleza kijana wa matangazo aibandike katikati ya ukurasa wa malipo. Chini yake wakaandika: "Malipo yako yako salama." Ndugu zangu, kufuli la kuchora! Namba za kadi za watu zilisafiri uchi, zikaja kulala kwenye kompyuta ya ofisini, ile ile ya kitambaa cha kufuma, na neno la siri la kuifungua lilikuwa "meneja". Hata mwizi mvivu angeona haya.

Mkewe aliporudi alikuta duka limejaa oda na mumewe amejaa sifa.

"Mume wangu, umechora kufuli?"

"Mama, wateja walitaka kuliona. Wameliona, wananunua. Shida iko wapi?"

"Shida utaiona. Funga hili duka leo."

Hakufunga. Alibadilisha neno la siri la seva ili mkewe asiguse, akawaambia wadogo zake kwamba shemeji yao ana wivu na mafanikio. Nao wakaitikia, hewala bwana, kwa sababu walikuwa wanakula hapo.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mwaka 2016 wateja walianza kuja dukani wakilia kwamba namba za kadi zao zimeibwa. Kuna mwalimu mstaafu akiba yake yote ilihamishwa na mtu asiyemjua. Mlango ukajaa, wakataka kujua ni nani aliyefanya hivyo. Marehemu akasimama kwenye ngazi, ile sauti kubwa ya kuzaliwa nayo ikatoka, akasema: "Fundi ni mke wangu. Mfumo ni wake. Mwulizeni yeye." Mkewe alikuwa amesimama ndani, mkono kwenye bega la binti yao. Jioni ile wadogo zake walitoa mabegi ya shemeji yao nje. Tangu siku hiyo jina lake mtaani ni Mwizi wa Kadi, na amekosa kazi kwa jina hilo, yeye aliyekuwa mtu pekee wa kukataa. Marehemu alizoea kusema mtandao umemsaliti. Mtandao gani? Mtandao ulifanya ulichoambiwa. Aliyeambiwa akapuuza ni yeye.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alilazwa na kutolewa, akapungua mpaka shati likawa linamvaa yeye. Mkewe alikuja wodini na uji, akamkata kucha, akamgeuza ubavu. Wadogo zake wakamkuta kwenye korido wakamwambia mwizi hakanyagi hapa. Akaiweka chupa ya uji chini, akaondoka. Jioni ile marehemu alimshika dada yake mkono, akasema, "Dada, lile kufuli lilikuwa langu. Yeye hakujua kitu."

"Najua. Waite wadogo zako uwaambie."

"Nikipona."

"Waite sasa, mdogo wangu. Simu hii hapa."

"Nikipona, dada. Wataniona mimi ni mtu gani?"

Kwa muda wa saa nzima kila Jumapili aliweza kuhubiri habari za biashara ya kisasa, lakini sentensi moja ya kumwokoa mkewe ilimshinda. Dada mtu alimpenda tangu anambeba mgongoni, na siku ile alimdharau, na anamlilia na kumdharau hata sasa, vyote kwa pamoja. Alifariki Ijumaa, tarehe 17 Machi 2023, alfajiri, akiwa hajapona wala hajasema.

Basi limesemwa. Ninyi wadogo zake mmesikia, na ninyi majirani mmesikia.

Marehemu ameacha dada mmoja, wadogo wawili wa kiume, na binti mmoja. Katika rasimu ya wadogo zake orodha iliishia hapo. Marehemu ameacha na mke. Hakuna talaka iliyoandikwa wala kutamkwa. Mke huyo yuko nyuma kabisa, amesimama karibu na geti, maana hakuna aliyempa kiti. Wewe mwenye suti, na wewe uliye kando yake, inukeni mumpishe wifi yangu mbele. Jeneza halishuki kabla hajaketi. Akishaketi, ndipo ndugu yetu apumzike kwa amani.