Historia ya Bonifasia Fabiani, Mama wa Watu wa Stendi

Baba Paroko, masista, mwenyekiti wa kijiji, wanajumuiya wenzangu wa Mtakatifu Martini na ninyi nyote mliofika, shikamooni wakubwa wangu. Mimi ni Telesfori, mdogo wake Celestini, marehemu ni shemeji yangu, familia imenituma niwasomee historia yake, nami nimeomba niruhusiwe kuisoma yote, hata pale itakapotuchoma.

Marehemu Bonifasia Fabiani alizaliwa tarehe 14 Julai 1961 huko Kaniha, wilayani Biharamulo, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Fabiani na mama Leonsia, wakulima, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1970 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1976, na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na uwezo wa kumpeleka mbele, mwaka 1978 alipata kazi ya upishi katika bweni la shule, akaifanya kwa miaka mitano, na huko ndiko alikojifunza kupikia watu mia mbili bila kumnyima hata mmoja.

Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa takatifu na kaka yangu Celestini, akaja kuishi hapa Mugoma, Mungu akawajalia watoto wanne, ambao ni Thobias, Claudia, Felisiani na Novatus, wote mnawaona hapa mbele pamoja na wajukuu tisa.

Mwaka 2009, akitoka kuuza ndizi sokoni Ngara mjini, aliwakuta watu wanaolala kwenye vibaraza vya maduka ya stendi, wajane waliofukuzwa na mashemeji zao, wagonjwa waliokimbiwa na ndugu, na mzee Niyonkuru, aliyeingia nchini akiwa mkimbizi kutoka Burundi, watu wake wakafa wote, akabaki hana pa kurudi. Tangu hapo kila Jumapili baada ya misa aliwapelekea chakula, na tarehe 11 Novemba 2012, sikukuu ya somo wa jumuiya yetu, aliwaleta hapa watu kumi na mmoja, wameoga, wamevaa nguo alizowafulia kwa mikono yake, akawakaribisha mkekani pamoja nasi.

Wote tunajua kwamba siku ya somo tunaweka mtungi mmoja wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, katikati, kila mtu anatia mrija wake, na anayepewa kibuyu chake pembeni ameshaambiwa kwamba si mwenzetu. Siku ile kamati iliwamiminia wageni wake kwenye kibuyu, ikawapeleka nyuma ya jiko. Bonifasia alichomoa mrija wake mtungini, akawafuata, akanywa nao hukohuko, wala hakuurudisha tena mrija ule kwetu mpaka anakufa. Mtakatifu Martini alikata vazi lake akampa maskini nusu, sisi tunaliimba hilo kila Novemba kwa ngoma na vigelegele, halafu maskini mwenyewe akija tunamficha nyuma ya jiko, nina hasira na jambo hili na sitaki ipoe.

Tarehe 2 Juni 2022 mzee Niyonkuru alifariki nyumbani kwa Bonifasia, alikokuwa akiuguzwa, shemeji akaomba chama chetu cha kufa na kuzikana kije kuchimba kaburi, tukamjibu kwamba yule si wa ukoo na jina lake halimo daftarini. Alitutazama akasema, "Basi mzee huyu ni wangu. Kama kaburi lake si lenu, na langu lisiwe lenu." Akachimba yeye, mumewe na watoto, wakamzika hapo migombani. Jumapili ya tarehe 12 Juni tukakaa kikao, tukamfuta chamani kwa kosa la kuwadharau wanachama, ilinyooshwa mikono ishirini na saba, na mmoja ni huu ulioshika karatasi hii.

Jumapili ya tarehe 19 Januari 2025 aliamka amepooza upande wa kulia, mvua ilikuwa imekata barabara, gari halipiti wala pikipiki, kaka yangu akapita nyumba kwa nyumba kuomba wabebaji wa ngobyi, machela ya mianzi ambayo kwa desturi zetu hata adui hanyimwi bega, na sisi tukamwambia tunachelewa misa. Watu wa stendi walipata habari, wakatembea kwa miguu kutoka Ngara, wakafika saa nane mchana, wanaume sita na mama mmoja aitwaye Kezia, wakambeba kwenye tope mpaka barabara kubwa. Daktari aliyempokea hospitalini alituambia kwamba zile saa zilizopotea ndizo zilizomwangusha. Bonifasia aliaga dunia Jumatatu tarehe 3 Februari 2025, saa kumi na moja jioni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia siku kumi na tano, Baba Paroko aliyempa mpako wa wagonjwa, wauza ndizi wenzake wa sokoni Ngara waliofunga biashara ili wamsindikize, na majirani mlioleta kuni, maji na maharage tangu juzi, ingawa yeye aliyahitaji mabega yenu zaidi ya maharage. Wanachama mliokuja leo alfajiri na majembe mmekuta kaburi limeshachimbwa, kando ya Niyonkuru, kama alivyotaka mwenyewe, na waliolichimba ni Kezia na wenzake, msimsumbue kaka yangu kwa maswali.

Haohao ndio watakaobeba jeneza. Asubuhi niliwafuata nikawaomba wanipe nafasi na mimi, nikiwa shemeji wa marehemu, Kezia akanijibu, "Bega lako tulilitafuta tarehe kumi na tisa." Kwa hiyo nitatembea nyuma, pamoja nanyi.

Shemeji, pumzika kwa amani, wanaokubeba ni watu wako.